Geji Iliyopanda Kabla ya Bakuli

Mdogo wangu hupiga simu ya video kila anaponunua kitu. Simu ya kawaida ni ya kuombea msaada. Ya video ni ya kutambia. Asubuhi ile nilikuwa bandani kwangu Ilomba, nimejaa vumbi la mparachichi mpaka kwenye kope, simu ikaita, nikaona kwanza kidole gumba chake, halafu dari, halafu kitu cha rangi ya bluu kinachonguruma juu ya meza.

"Shikamoo dada. Unakiona?"

"Marahaba. Naona pampu."

"Sio pampu tu. Chaki ya kunyonya, dada. Au wewe bado unabana bakuli kwa ubao kama baba?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, bado nabana kama baba, na kwamba baba alizikwa na vidole vyake vyote kumi. Akacheka. Mdogo wangu akitukanwa hucheka, ndiyo maana ni kazi kumtukana ukaridhika.

Sisi wawili ni wakereza, mafundi wa kuchonga mbao inayozunguka kwenye mashine. Baba yetu alikereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi hapa Mbeya, akatufundisha wote kwa mashine moja. Mimi nilijifunza. Mdogo wangu alijifunza pale baba alipokuwa anamtazama. Baba akigeuka, naye anaacha. Alipooa kule Kalenga, Iringa, akahamia huko huko ukweni, akajenga karakana kwenye kiwanja cha mkewe, akatundika kibao kilichoandikwa "Studio". Banda la bati, kuku wanaingia na kutoka, linaitwa studio. Nilipokiona kibao kile mara ya kwanza niliomba maji ya kunywa ili mdomo uwe na kazi nyingine.

Lakini oda alikuwa anapata yeye. Ana mdomo, ana simu nzuri, na barabara ya kwenda mbugani inapita upande wake. Mimi ninayejua kukereza nilikuwa nakereza nusu ya mabakuli yake huku Mbeya, nampelekea, anayapaka vanishi na kuandika jina lake chini. Chini kwenyewe ndiko kulikokuwa na shida.

Bakuli la mti hukerezwa likiwa limeshikwa kwa nyuma. Unaacha kisiki kifupi chini ya bakuli, meno ya chaki, kile kishikio cha mbele ya mashine, yanakikamata, mashine inazunguka, nawe unachimba tumbo kwa patasi. Ukimaliza, bakuli ni zuri lakini lina kile kisiki chini, kama kitovu cha mtoto mchanga. Lazima kiondoke. Sisi wa zamani tunakata tundu kwenye ubao, tunalipachika bakuli humo kichwa chini mpaka libane, tunakereza kisiki pole pole tukiomba lisichomoke, na pale katikati kabisa tunamalizia kwa mkono na msasa. Chaki ya kunyonya hufanya kazi nyingine kabisa. Ni kikombe chenye mpira mdomoni, kinafungwa mbele ya mashine. Shafti ya mashine ina tundu toka mwanzo hadi mwisho. Nyuma kuna mpira unaokwenda kwenye pampu. Pampu inavuta hewa, bakuli linang'ang'ania kikombe kama mdomo wa ndama kwenye chuchu, na chini pote pako wazi kwa patasi yako. Huo mfano wa ndama si wangu. Nitasema ni wa nani.

Mwenye hoteli moja ya watalii upande wa Idodi alitaka mabakuli ambayo chini yake hayana alama yoyote. Mdogo wangu alikubali papo hapo, kama anavyokubali kila kitu, halafu ndiyo akaenda kutafuta namna. Akaniambia nilete yangu yakiwa bado na visiki, "na uje uone teknolojia."

Nilimjua kwa sauti. Ingekuwa inafanya kazi angenionyesha ikifanya kazi. Nikafunga mabakuli kwenye kiroba, nikapanda basi la asubuhi kwenda Iringa. Sina sababu ya kuficha: nilikwenda kumwona akishindwa.

Kalenga nilipokelewa na wifi yangu getini, mabuti miguuni na ndoo ya maziwa mkononi. "Kamwene, wifi," akasema, akaweka ndoo chini ili anisalimie kwa mikono miwili. Ni Mhehe wa hapo hapo, mfupi, mpole, asubuhi anakwenda kukamua kwenye shamba moja kubwa la ng'ombe na mchana anahangaika na ng'ombe wake watatu. Miaka yote ya ndoa yao nilikuwa namuuliza mambo matatu: watoto, ng'ombe na mvua. Na kwenye mvua sikuwa nasubiri jibu. Kwangu mimi alikuwa mtu wa ndoo.

Studio ilikuwa imefagiliwa. Hiyo peke yake ilinionyesha kwamba hakuna kazi iliyofanyika kwa siku kadhaa. Mdogo wangu alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la vanishi, na ndani ya simu mzungu mmoja mwenye aproni safi alikuwa anaeleza kitu kwa kunong'ona. Nilimtazama dakika moja. Mtu anayekereza huku aproni yake haina hata punje ya vumbi, mimi simwamini hata akiniambia saa.

"Huyu ndiye mwalimu wangu," mdogo wangu akasema.

"Naona. Na yeye anajua kama una kuku humu ndani?"

Akacheka, akaanza kunionyesha. Kikombe alikitengeneza kwa kipande cha bomba la plastiki, mdomoni akabandika soli ya kandambili aliyoikata duara. Hapo alifanya vizuri, na iliniudhi. Kikombe akakigandisha kwa silikoni kwenye kipande cha ubao kinachofungwa mbele ya shafti, ile mafundi wa madirisha wanayoziba nayo vioo. Alikuwa ameimimina kama mtu anayepaka siagi ya bure. Nyuma ya shafti aliweka beringi ili mpira utulie wakati shafti inazunguka. Kisha pampu, ile wanayotumia mafundi wa friji kutolea hewa, na kando ya pampu geji ya kupimia mvuto, yenye sindano nyekundu.

Akawasha. Sindano ikapanda mara moja, ikakaa karibu na mwisho, ikatulia.

"Umeona? Hata bakuli sijaweka! Hiyo ndiyo nguvu ya pampu, dada."

Nikatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayejua. Sikuwa najua lolote. Sijawahi kugusa chaki ya kunyonya maishani mwangu. Lakini kumuuliza mdogo wangu swali mbele ya ile aproni safi ya kwenye simu, bora ningemeza msasa. Kwa hiyo nikakunja midomo nikasema, "Inatosha kiasi."

Wifi yangu aliingia na chai. Akaweka sinia juu ya kisiki cha mjakaranda, akasimama kidogo kuitazama geji. Akasema taratibu, "Mbona sindano iko juu na hamjaweka kitu?"

"Ni nguvu ya pampu, mama," mdogo wangu akamjibu.

"Kwetu kwenye mashine ya kukamulia, sindano ikikaa juu kabla hujamvika ng'ombe vikombe, kuna mahali pameziba. Inatakiwa ikae chini. Inapanda ukishamvika."

Mdogo wangu akanitazama mimi, macho yanacheka. "Mama, hii sio ng'ombe."

Na mimi nikacheka. Nimelitafakari lile cheko langu mara nyingi. Sikucheka kwa sababu alichosema kilikuwa cha kuchekesha. Sikukielewa vya kutosha nikione cha kuchekesha. Nilicheka kwa sababu mtu wa ndoo alikuwa amesogelea mashine. Siku nzima nilikuwa namdharau mdogo wangu, na dakika ile moja tulikuwa kitu kimoja, watoto wawili wa fundi. Wifi akamimina chai, akatoka.

Mdogo wangu akaweka bakuli langu moja kwenye kikombe, akasogeza kile kichwa cha nyuma cha mashine chenye ncha ili kilisukume bakuli likae katikati, akawasha mashine mwendo mdogo. Bakuli likazunguka vizuri. Kisha akarudisha ncha nyuma. Bakuli likabaki limeshika, linazunguka, hakuna kinacholigusa kwa mbele. Kwa kweli lilipendeza. Chini yote wazi, kisiki kinazunguka katikati kama kitu kilichokwisha hukumiwa.

Akachukua patasi. Aliishika kama mtu anayepeleka kijiko kwa mgonjwa, kiwiko hewani, mkono wa kushoto mbali na chuma. Nilivumilia kwa muda wa pumzi mbili.

"Lete hapa," nikasema.

"Dada, acha nijaribu kwanza..."

"Lete hapa, utajikata."

Nikamnyang'anya, nikajiegemeza, nikagusa kisiki. Kugusa tu. Bakuli liliruka kutoka kwenye kikombe, likagonga ukingo wa mashine, likanipiga juu ya jicho la kushoto. Sikusikia maumivu mwanzoni. Niliona kuku wakikimbia, nikawaza kwamba angalau sasa wametoka nje. Halafu nikaona damu kwenye patasi, nikakaa chini kwenye vumbi.

Mdogo wangu alikuwa anarudia, "Geji ilikuwa juu, dada. Geji ilikuwa juu." Wifi ndiye aliyeingia akazima pampu, akanifunga kwa kanga yake, akaita bodaboda, akapanda nyuma yangu akinishika kichwa kisicheze njia nzima mpaka zahanati.

Muuguzi alinitazama, akamtazama wifi, akauliza kwa sauti ya chini kama ni mume.

"Ni bakuli," nikasema.

"Bakuli la nani?"

"Langu mwenyewe."

Alinishona nyuzi sita bila kuamini. Wakati ananishona, wifi alikuwa amekaa kwenye benchi miguu ikiwa ndani ya mabuti yale yale. Nilimuuliza, kwanza kwa sababu sikutaka kuisikia sindano, "Ulisema nini kuhusu kuziba?"

Akaeleza kwa utulivu, kama anavyomweleza mkamuaji mgeni. Pampu inavuta hewa. Kikombe kikiwa wazi, hewa inaingia kwa kikombe na kutoka kwa pampu, hakuna kinachozuia, kwa hiyo sindano inalala. Ukiziba kikombe kwa chuchu, au kwa bakuli, hewa inakosa njia, sindano inapanda. Sasa kama imepanda na kikombe kiko wazi, maana yake njia imekwisha zibwa kabla ya kufika kwenye kikombe. Pampu inavuta mpira wake yenyewe. "Inakuwa kama ndama ananyonya kidole cha mkamuaji," akasema. "Anavuta kweli, lakini hashibi."

"Na bakuli lilishikaje?"

"Mlilikandamiza kwenye mpira wa kandambili. Liligandia kidogo tu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Mimi, miaka thelathini kwenye mashine, nilikuwa nimesimama mbele ya kile kitu nimekunja midomo.

Kesho yake asubuhi, akirudi kukamua, wifi hakuvua hata mabuti. Aliingia bandani, akafungua kikombe kutoka kwenye mashine, akachungulia ndani ya shafti, akaomba spoku ya baiskeli. Mdogo wangu akampa. Akaichomeka, akasukuma, ikatoka silikoni nyeupe iliyoganda, ndefu kama mdudu, na nyingine nyuma yake, na vumbi la mbao limejishikiza humo. Akapuliza kwa mdomo mpaka hewa ikatokea upande wa pili. Akarudisha kikombe, akawasha pampu. Sindano ikalala chini.

"Sasa imeharibika," mdogo wangu akasema.

Wifi akasogea mbele ya mashine. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa kikombe. Sindano ikapanda, lakini ikaishia nusu. Akatoa kiganja, kikatoa mlio, akachota povu la sabuni ya kufulia kwenye bakuli, akamwambia mumewe azibe kikombe kwa kiganja, yeye akawa anapaka povu kwenye maungio moja moja. Kwenye beringi povu likanyonywa ndani, likatoweka. "Hapa," akasema. Akapaka grisi nyingi, akakaza klipu ya mpira. Mara hii sindano ilipanda mpaka juu.

"Wifi, na wewe weka mkono," akaniambia.

Nikaweka. Kiganja kilivutwa mpaka nikahisi mifupa. Nilijaribu kukitoa nikashindwa, mpaka akazima. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nilichosema ni, "Kumbe." Halafu nikachukua patasi nikaanza kazi, kwa sababu kazi naijua na maneno mazuri siyajui. Siku ile nilikereza chini ya mabakuli yote niliyoleta na ya mdogo wangu pia, jicho moja limevimba, na hakuna hata moja lililocheza. Chini pake pakawa laini kama shavu. Nilichukia jinsi kile kitu kilivyokuwa kizuri.

Mwenye hoteli alikuja siku ya tatu. Mwanaume mnene, mtanashati, koti la wawindaji na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Aligeuza kila bakuli, akapitisha dole gumba chini, akasema "safi, safi." Mdogo wangu akamwonyesha chaki. Sijawahi kusikia mtu akisema uongo kwa raha kiasi kile. Alisema alifanya utafiti. Alisema tatizo kubwa la mfumo huu ni usomaji wa geji, na kwamba mafundi wengi hawajui kuwa sindano inatakiwa ilale kabla ya kupanda. Hata ndama alimtaja, ndama wa mkewe, kama ni wa kwake. Mwenye hoteli anatikisa kichwa, anapiga picha.

"Na mama huyu amepatwa na nini?" akauliza, akinyooshea uso wangu kidole.

"Dada yangu. Alisogelea sana mashine. Wazee wetu hawa teknolojia inawashtua."

Nimemzidi miaka minne. Wakati ule ule wifi alikuwa anaingia na sinia la chai, kama siku ile ya kwanza. Nikasema kwa sauti, "Muulize huyo anayekuletea chai. Ndiye aliyeifunga. Huyu mwanaume hapa alikuwa ameiziba kwa silikoni, bado kidogo aniue."

Mwenye hoteli alicheka sana. Alidhani ni utani wa ndugu. Mdogo wangu akacheka naye, kama kawaida yake. Wifi aliweka sinia, akamimina vikombe vitatu bila kumwaga tone, akatoka. Nikamfuata nje nikiwa nimejaa furaha ya mtu aliyetenda haki. Nilitegemea ashukuru.

Alikuwa anamfunga ng'ombe kamba. Hakugeuka.

"Wifi," akasema, "usinitumie mimi kama fimbo ya kumpigia mdogo wako."

"Nimesema ukweli tu."

"Juzi nilisema ukweli, mkanicheka wote wawili. Leo umeukumbuka kwa sababu amekuita mzee." Akakaza fundo. "Ungetaka kuniheshimu ungesema jana, tukiwa sisi watatu. Jana ulisema 'kumbe'."

Ng'ombe alinitazama, naye wifi alimtazama ng'ombe. Kuna dharau ya kelele, kama yangu, inayohitaji watu wa kuisikiliza. Ya kwake haikuhitaji mtu yeyote. Alikuwa nayo tangu zamani, nadhani, kila nilipomuuliza habari za mvua na kugeuka kabla hajajibu, na hakuwahi kunipa hata chembe yake, mpaka siku ile nilipoilazimisha itoke.

Nikamwambia samahani. Akasema, "Haya." Akachukua ndoo akaenda.

Nilirudi Mbeya na kovu linalokata nyusi vipande viwili. Wanawake wa Ilomba waliuliza, nikawaambia ni kazi. Baada ya muda nilinunua kompresa ya friji bovu kwa fundi wa mtaa, nikajenga chaki yangu, kwa siri kama mtu anayechimba dawa. Kikombe nilikikereza mwenyewe kwa mninga, kizuri kuliko bomba la mdogo wangu. Shafti nilikwenda kuitobolesha kwa fundi chuma. Silikoni sikuitia kabisa. Kikombe kikiwa wazi sindano ilikaa chini, kama inavyotakiwa. Kiganja kilipandisha mpaka juu. Lakini nikiweka bakuli la mparachichi, sindano inafika nusu na kuanza kushuka. Nilipaka povu kwenye maungio yote, nilipaka grisi mpaka mashine ikanuka kama gereji. Wiki mbili.

Mwisho nikapiga simu Kalenga. Sikumpigia mdogo wangu. Nilipiga ya kawaida, isiyo na picha.

Tulisalimiana. Nikamuuliza habari za watoto, nikasubiri. Nikamuuliza habari za ng'ombe, nikasubiri. Nikamuuliza kama mvua imeanza, akaeleza kwa kirefu, kwamba imenyesha mara mbili halafu ikaacha na mahindi yamesimama njiani, nami nikasikiliza yote. Ndipo nikamweleza sindano.

"Mti gani?" akauliza.

"Mparachichi."

"Ule una matundu matundu. Hewa inapita kwenye mti wenyewe. Jaribu kupaka nta kwa nje, ya mshumaa tu, uone."

"Ulijuaje? Huko kukamua hakuna mti."

"Nilijaribu hapa," akasema. "Siku hizi nakereza mchana, yeye akienda mjini. Bado sijui vizuri. Natupa mengi."

Kidogo nimwambie asishike patasi na kiwiko hewani, nikajizuia. Nikamuuliza anaishikaje. Akaeleza. Alikuwa anaishika sawa.

Nta ilifanya kazi. Mdogo wangu bado anatoa video zake, sasa anafundisha watu, na amenunua aproni. Katika baadhi ya video nyuma yake yamepangwa mabakuli ambayo mkono wake nauona haumo, kingo zake nyembamba mno kwa subira ya mdogo wangu. Huwa naziangalia zote mpaka mwisho nikitafuta kosa la kumcheka. Kwake nalipata kila mara. Kwenye yale mabakuli ya nyuma nimekuza picha mpaka simu ikaganda, na bado sijalipata.